Askari Waliomkatalia Mfalme

Somo: 1 Samweli 22:6–23

Nawaandikia kutoka Mombo, hapa chini ya milima, mahali ambapo njia ya Lushoto huiacha barabara kuu na kuanza kupanda kwenda Soni. Mahali petu ni penye wapita njia wengi. Habari za nchi hushuka hapa na kupanda hapa, na wakati wa uchaguzi hushuka na kupanda kwa vipaza sauti. Basi napenda kuwaandikia juu ya swali moja ambalo kila uchaguzi huliamsha, wala halilali uchaguzi unapokwisha. Swali lenyewe ni hili: Mkristo amfuate kiongozi wake mpaka wapi?

Fungueni Biblia zenu, mlisome somo letu polepole. Mfalme Sauli ameketi Gibea chini ya mti, mkuki mkononi mwake, na watumishi wake wamesimama kumzunguka. Moyo wake umejaa hofu kwa ajili ya Daudi. Aanza kuwalaumu watu wake mwenyewe. Iangalieni sana hoja aitumiayo. Hawaambii Daudi ametenda uovu gani. Awauliza kama mwana wa Yese atawapa mashamba na mizabibu, na kama atawafanya maakida wa maelfu na wa mamia. Ni kana kwamba asema: Mali mliyo nayo ni mimi niliyewapa, na vyeo mlivyo navyo ni mimi niliyewavika, mbona basi hamnionei huruma? Hapo hakuna neno juu ya haki. Kuna neno juu ya mkono uliogawa na tumbo lililoshiba.

Ndipo Doegi Mwedomi akasimama, akasema aliyoyaona huko Nobu, jinsi kuhani Ahimeleki alivyompa Daudi chakula na upanga wa Goliathi. Aliyoyasema Doegi yalikuwa kweli, lakini aliyasema kwa nia ya kumpendeza bwana wake, naye alificha kwamba kuhani hakujua kama Daudi alikuwa akimkimbia mfalme. Ahimeleki akaitwa, akajibu pasipo kuogopa kwamba hakuna mtumishi mwaminifu kama Daudi katika nyumba ya mfalme. Kwa jibu hilo akahukumiwa kufa, yeye na nyumba yote ya baba yake.

Mfalme akawaamuru askari waliosimama karibu naye wawaue makuhani. Nao hawakukubali kunyosha mikono yao. Hapo, ndugu, pana nuru ndogo katikati ya giza kubwa. Majina ya askari hao hayakuandikwa. Walikuwa watu wa Sauli, walikula chakula chake na kulinda nyumba yake, na pengine kesho yake waliendelea kuilinda. Lakini siku ile walijua kwamba kuna jambo ambalo mfalme hawezi kuliamuru. Ndipo Doegi akaamriwa, naye akaua watu themanini na watano siku moja, kisha mji wa Nobu ukapigwa, wanaume na wanawake, watoto na wanyonyao.

Katika habari hii nataka tujifunze mambo matatu.

Neno la kwanza ni hili: mtu akimfuata kiongozi kuliko haki, mwisho wake si kumpendeza kiongozi tu, mwisho wake ni kumwaga damu ya jirani asiye na hatia. Nobu haukuwa mji wa vita. Ulikuwa mji wa makuhani.

Sisi watu wa Usambara hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kimweri ye Nyumbai, yule mfalme aliyemkaribisha mmisionari Krapf huko Vugha mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alifariki mwaka 1862. Baada yake alikaa Vugha mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, karibu na hapa petu, penye njia ya misafara. Biashara ya njia ile ilimpatia bunduki na watu. Akainuka juu ya mtoto wa ndugu yake, akamtoa Vugha, akamweka mwanawe mwenyewe pale juu, naye akaendelea kukaa Mazinde chini, penye njia na faida. Ndipo nchi ikagawanyika, hawa wa Semboja, hawa wa upande wa Shekulwavu. Vita ile ilidumu miaka mingi, mpaka Wadachi walipokuja. Waliotekwa waliuzwa utumwani, wakashuka pwani wakiwa wamefungwa, Mshambaa akimuuza Mshambaa.

Wazee wetu walikuwa na maneno mawili juu ya utawala. Kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua ikanya na watoto wakashiba. Tena kuna kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Nao walisema kwamba nchi hubanwa pale nguvu inaposimama kushindana na nguvu. Hawakuuliza kwanza ni nani mwenye watu wengi. Waliuliza kama nchi inapona au inaumia. Naona ya kuwa babu zetu, ambao Injili ilikuwa bado haijawafikia, walikuwa na kipimo kizuri kuliko baadhi yetu tuliobatizwa.

Neno la pili: Sauli alishika watu wake kwa mashamba na vyeo, na jambo hilo halikufa pamoja naye. Tazameni habari za vyama vya nchi yetu tangu sheria iliporuhusu vyama vingi mwaka 1992. Sitaki kusema kwamba chama hiki ni cha Mungu na kile ni cha Shetani. Hiyo si kazi ya mchungaji. Nataka tujitazame sisi tufuatao.

Mwaka 1995 Bwana Augustino Mrema, aliyekuwa waziri, alitoka CCM akaingia NCCR-Mageuzi, na watu wengi wakamfuata. Katika uchaguzi wa mwaka ule alipata zaidi ya robo ya kura za urais, na chama kikapata viti 16 vya majimbo. Mwaka 1999 akatoka tena, akaenda TLP, na wengi wakatoka naye. Mwaka 2000 chama kile alichokiacha kilibaki na kiti kimoja cha jimbo. Je, mafundisho ya chama yalibadilika katika miaka ile mitano? Je, shida za wakulima zilihama kutoka ofisi moja kwenda nyingine? Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya mtu mmoja. Mtu alipoinuka, nyumba ikaanguka.

Mwezi wa Julai mwaka 2015 Bwana Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu mpaka alipojiuzulu mwaka 2008, alitoka CCM akaingia CHADEMA, akawa mgombea wao wa urais. Chama hicho kilikuwa kimemtaja hadharani mwaka 2007 katika orodha ya watu kiliowatuhumu kwa ufisadi. Yeye alizikana tuhuma, wala hakuna mahakama iliyomhukumu, nasi hatuna ruhusa ya kumhukumu marehemu. Lakini iangalieni mioyo ya wafuasi. Waliokuwa wakimshutumu miaka minane walianza kumsifu kwa usiku mmoja. Na upande wa pili, waliokuwa wakimsifu miaka ishirini walianza kumtukana kwa usiku ule ule. Daktari Wilbrod Slaa, aliyeisoma orodha ile ya mwaka 2007, alisema hawezi, akajitenga na chama alichokitumikia. Mwezi wa Machi mwaka 2019 Bwana Lowassa akarudi CCM, na vinywa vikageuka mara ya tatu. Kama tuhuma zile zilikuwa kweli, hazikuacha kuwa kweli kwa kubadili rangi ya shati. Na kama zilikuwa uongo, basi kuzitangaza kulikuwa dhambi tangu mwanzo. Hakuna njia ya tatu. Amri ya nane yatuonya tusimshuhudie jirani uongo, wala haikuandikwa ndani yake kwamba jirani ni yule tu wa chama chetu.

Mwezi huo huo wa Machi 2019, Maalim Seif Sharif Hamad alitoka CUF akaingia ACT-Wazalendo, baada ya mahakama kuamua shauri la uongozi wa chama. Wafuasi wake Unguja na Pemba walishusha tanga na kupandisha tanga, kama walivyosema wenyewe, na ofisi zikapakwa rangi nyingine. Je, walimfuata mtu, ama walifuata msingi ambao waliona umenyang'anywa nyumba yake? Mimi sijui mioyo yao, nami siwahukumu. Naandika hayo ili msidhani kwamba kila ahamaye ni mwana mpotevu, au kwamba kila abakiye ni mwaminifu. Mtu aweza kuhama kwa ajili ya haki, naye aweza kubaki kwa ajili ya tumbo. Mungu ndiye ajuaye.

Zamani za chama kimoja tulizoea kuitikia kwamba fikra za mwenyekiti zidumu. Lakini Mwalimu Nyerere, ambaye fikra zake tuliziombea zidumu, aliacha uwaziri mkuu mwezi wa Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, ili akakijenge chama vijijini. Akaacha urais mwaka 1985 akiwa hai. Na mwaka 1995 alisema mbele ya watu kwamba CCM si mama yake, yaani kwamba kikiacha misingi yake yeye naye aweza kukiacha. Mwenye nyumba mwenyewe alisema nyumba si mama. Mbona sisi wapangaji twaiita mama?

Wala ugonjwa huu si wa Waafrika peke yao. Wazee wetu wa kwanza katika imani walifundishwa na wamisionari wa Betheli, nao watu wa Betheli walionjeshwa kikombe hiki. Mwezi wa Mei mwaka 1933 Friedrich von Bodelschwingh wa Betheli alichaguliwa kuwa askofu wa Kanisa lote la Kiinjili la Ujerumani. Lakini watu waliojiita Wakristo wa Kijerumani walimtaka Ludwig Müller, mtu wa Hitler, na mnamo Juni Bodelschwingh akalazimika kujiuzulu. Bendera za chama zikaingia makanisani. Mwaka uliofuata, tarehe 29 hadi 31 Mei 1934, Wakristo waliokataa walikutana Barmen, wakakiri kwamba Yesu Kristo peke yake ndiye Neno la Mungu lipasalo kusikiwa na kutiiwa, na kwamba hakuna upande wa maisha yetu ulio na bwana mwingine. Lakini tusijidanganye kwamba wote walikuwa mashujaa. Mwaka 1938 wachungaji wengi walimwapia Hitler kiapo cha utii. Walikuwa wamesoma vyuo vikuu, wakijua Kiyunani na Kiebrania. Elimu haimwokoi mtu na hofu.

Neno la tatu lanigusa mimi mwenyewe, na kwa ajili yake kalamu yangu ni nzito. Somo letu haliishi kwa Sauli wala kwa Doegi. Abiathari, mwana wa Ahimeleki, aliokoka peke yake, akamkimbilia Daudi, akampa habari ya mauaji. Daudi angeweza kusema, Ni kosa la Sauli. Angeweza kusema, Ni kosa la Doegi. Lakini alisema kwamba yeye ndiye sababu ya kufa kwao, maana siku ile alimwona Doegi pale Nobu, akajua atasema. Mtu wa haki huanza kuhesabu dhambi zake mwenyewe.

Basi nami nihesabu yangu. Mwaka 2015 nilikuwa mchungaji kijana katika usharika mwingine, nami nilikuwa na mtu wangu. Simtaji jina, wala chama chake, maana kosa halikuwa lake, lilikuwa langu. Mimbarani sikumtaja, lakini mlangoni baada ya ibada nilimsema kila Jumapili. Siku moja mzee mmoja wa kanisa, mtu wa makamo ya baba yangu, alinisogelea, akanisalimu kwa heshima, akasema, "Baba Mchungaji, naomba kuuliza. Jambo lile ulilotufundisha mwaka jana kuwa ni dhambi, mbona mwaka huu laitwa hekima?" Alisema kwa sauti ndogo, lakini vijana wa kwaya walikuwa karibu, wakasikia. Mimi nikaona haya, na haya ikageuka hasira. Nikamwambia mbele yao kwamba ametumwa na wapinzani wetu. Hakujibu neno. Akachukua kofia yake, akaenda.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani kama kawaida, akaketi mahali pake. Lakini vijana walikuwa wameshika neno langu, wakamwita msaliti njiani. Siku ya Meza ya Bwana alibaki ameketi. Ndugu, nilimwona ameketi huku nimeshika kikombe mkononi. Nikaendelea kuwagawia wengine. Alibaki ameketi hivyo kwa miezi mitano.

Baada ya uchaguzi nilipanda kwenda nyumbani kwake. Nalipanga maneno mengi njiani. Nilipofika alitoka shambani, akanawa mikono, akasema, "Karibu, Baba Mchungaji, karibu ndani." Mkewe akaleta ndizi na maziwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, nimekukosea mbele ya watu, nisamehe, nami nitasema mbele ya watu hao hao." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi sikuwa na chama, Baba. Nilikuwa na swali tu." Akanisamehe, na Jumapili ile nilisimama mbele ya usharika nikakiri. Lakini jibu la swali lake sikuwa nalo siku ile, wala sijalipata mpaka leo, isipokuwa hili: nilimpenda mtu wangu kuliko kweli.

Luther atufundisha juu ya amri ya kwanza kwamba kile ambacho moyo wa mtu hukitegemea, hicho ndicho mungu wake. Sanamu si lazima iwe ya mti. Yaweza kuvaa suti, ikapunga mkono juu ya gari.

Je, basi tusiwatii viongozi? Hasha. Mtume Paulo, katika Warumi 13, atuamuru kuitii mamlaka, na Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, lafundisha kwamba Mkristo aweza kushika kazi ya serikali bila dhambi, tena imempasa kutii, isipokuwa aamriwapo kutenda dhambi. Hapo ampasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Askari wa Sauli watufundisha hayo yote mawili. Hatusomi kwamba walimgeuzia Sauli mikuki yao. Walikataa jambo moja, lile lililokuwa uovu. Na Daudi mwenyewe, alipompata Sauli pangoni huko Engedi, alikata upindo wa vazi lake tu, wala hakumwua. Kukataa uovu si kuasi.

Lakini kuna jambo katika askari wale linihuzunishalo. Walirudisha mikono yao nyuma, lakini Doegi alipoinua mkono wake hawakumzuia. Yamkini walisema mioyoni, Sisi hatumo. Nao makuhani wakafa mbele ya macho yao. Hivyo ndivyo tulivyo wengi wetu. Hatutukani, lakini twasikiliza matusi. Hatuibi kura, lakini twajua, nasi twanyamaza. Hatumwiti mwenzetu msaliti, lakini aitwapo hatusemi neno. Mungu atuhurumie.

Sasa nawapa maswali matatu, kila mtu ajiulize chumbani mwake. La kwanza: Jambo hili ninalolitetea, kama lingetendwa na mpinzani wetu, ningelitetea? La pili: Je, liko jambo lolote ambalo kiongozi wangu akilitenda nitamwacha? Kama halipo, basi huyo si kiongozi kwangu tena, amekuwa mungu. La tatu: Je, naweza kumwambia uso kwa uso kwamba amekosa, kama Nathani alivyomwambia Daudi? Kama siwezi, ni hofu inizuiayo, ama ni shamba na mzabibu?

Na ninyi walimu na wainjilisti, kwenu nina neno zaidi. Msiwaruhusu wagombea kuifanya mimbari kuwa jukwaa, hata wakileta mabati na saruji. Pokeeni sadaka kama sadaka, na mtoaji aketi pamoja na watu wengine. Msiseme mlangoni msilothubutu kulisema mimbarani. Mimi nalifanya, na mmesikia mwisho wake. Na mzee au kijana akiwauliza swali lililo gumu, msimwulize ametumwa na nani. Huenda ametumwa na Mungu.

Tena ninyi nyote, kuna jirani ambaye hamkusalimiana tangu uchaguzi? Kuna ndugu wa tumbo moja ambao hawali pamoja kwa sababu ya mtu asiyewajua hata kwa majina? Nendeni kwake kabla ya Meza ya Bwana ijayo. Njia ya kupanda kwake ni ndefu, najua, lakini yapandika.

Yuko Kiongozi mmoja tu ambaye twaweza kumfuata pasipo kuuliza mpaka wapi. Yeye hakuwanunua watu wake kwa mashamba wala kwa vyeo, bali kwa damu yake mwenyewe. Hakuwatuma wamwage damu ya wengine.

Tuombe. Bwana Yesu, utusamehe tulipowapenda wakubwa kuliko kweli yako. Uwape viongozi wetu moyo wa kuiponya nchi. Utupe mikono ikataayo uovu, na vinywa visivyonyamaza. Uwapatanishe waliotengana kwa ajili ya vyama. Na waketio mbali na Meza yako kwa sababu yetu, uturudishe kwao, uwarudishe kwako. Amina.